Bakuli la Chumba cha Chai

Asubuhi ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakigombea wakulima barabarani Somanda, kila mmoja na mzani wake, nasi wauguzi tulisimama dirishani mwa hospitali tukiwacheka. Suzana, mdogo wetu kazini, aliigiza namna walivyokuwa wakivutana, tukashika mbavu. Mchana wakaletwa watu watatu kutoka Nkololo juu ya mkokoteni wa ng'ombe, macho yamezama, wakiharisha maji matupu. Kipindupindu.

Wengi wakisikia vita hufikiria bunduki. Mimi vita vyangu nilipigana kwa ndoo na klorini. Nilipewa kazi moja: wafanyakazi wasiambukizwe. Nilikuwa mkali, sifichi. Hakuna kupeana mikono, hakuna kula wodini, na mikono inaoshwa kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki. Wakaniita Mama Klorini. Glovu zilikuwa za shida. Enzi hizo za soko huria ndugu wa mgonjwa ndio waliozinunua madukani, nasi tulizifua na kuzianika zitumike tena.

Siku ya nne wagonjwa walizidi, ndoo ya koki ya chumba cha chai ikahamishiwa wodini. Tukabaki na bakuli la kunawia.

Mayu Kulwa, mhudumu aliyemwaga ndoo za wagonjwa, alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, na tulimwita mayu, yaani mama, tukimheshimu kama mzazi. Kwetu mkubwa hunawa kwanza, wadogo hufuata katika maji yale yale. Aliingia amechoka, akavua glovu, akatumbukiza mikono.

"Karibu ugali, mayu," Suzana akasema, akipiga goti kidogo.

Niliona glovu aliyoivua. Ilikuwa imechanika kidoleni.

Kumwambia maji yamwagwe ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya wadogo zake kwamba yeye ni mchafu. Nilishindwa.

Nikasema sina njaa, nikatoka.

Siku mbili baadaye Suzana hakuja kazini. Saa nne kaka yake akamleta kwa baiskeli, kamfunga mgongoni kwa khanga asianguke. Tulitafuta mshipa wa dripu mkono huu, tukatafuta mkono ule.

"Dada, nina kiu."

Saa saba akakata roho.

Mayu Kulwa ndiye aliyemsafisha kwa klorini, huku akilia kwa sauti. Yeye hakuugua, wala wengine waliokula siku ile. Akaniuliza, "Huyu mtoto alikula nini, mbona sisi tu wazima?"

"Sijui, mayu."

Kipindupindu kilipokwisha nilisifiwa: wafanyakazi wote, kasoro mmoja tu, walikuwa salama. Mayu Kulwa alifariki kwa uzee, nami sikuwahi kumwambia. Ningemwambia ningemtwisha mzigo usio wake. Ni wangu. Niliona hatari, nikaiepusha mikono yangu mwenyewe, nikawaachia wenzangu bakuli. Mpaka leo naliita jambo lile heshima watu wakiniuliza. Nikiwa peke yangu naliita kwa jina lake, woga, na ninamlilia Suzana.