Mtoto Alipoacha Kucheza, Wiki ya Krismasi

Nimeolewa na kitinda mimba, huku kwetu Old Moshi. Wanaojua wameshanionea huruma. Kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na mkewe ndiye anayepokea ukoo mzima kila Desemba, kuanzia wa Dar hadi wa Mwanza, na watoto wao, na mabegi yao. Sina ugomvi na wageni. Kinachonichosha ni kwamba wanajaa jikoni na hakuna anayeshika mwiko.

Mwaka juzi Krismasi ilinikuta na mimba ya miezi mitano na kitu. Ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo hii niliilinda kwa roho yangu yote. Mtoto alikuwa ameshaanza kucheza. Nikijilaza jioni alinigonga chini ya kitovu, nami najichekea peke yangu.

Wiki ile nilisimama tangu asubuhi nikipika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, huku nimebana mkojo kwa sababu choo kilikuwa na foleni. Mkojo ukaanza kuunguza. Kiuno kikauma, mwili ukachemka. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nikaona matone ya damu kwenye chupi. Hapo ndipo nikagundua kwamba tangu jana yake mtoto alikuwa hajacheza.

Nikamwambia mama mkwe. "Amelala huyo," akasema, akanijazia bakuli la mtori. "Kula kwanza, ataamka."

Nikala. Hakuamka. Wifi yangu wa Dar akasema ninywe soda baridi. Nikanywa. Shemeji, ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya maji, akanieleza kwamba mimba zote ndivyo zilivyo.

Mume wangu alikuwa mgombani na kaka zake wengine, wanakata mbuzi. Kwetu nyama hugawiwa kwa heshima, kila mkubwa na sehemu yake, na mwenye nyumba haondoki mpaka wote wapate.

"Tumalize kugawa, twende," akasema, kisu mkononi.

"Mbuzi ameshakufa, hana haraka," nikamwambia. "Wangu sijui."

Akakiacha kisu palepale. Tulishuka Moshi mjini kwa bajaji, shati lake limejaa damu ya mbuzi, na hospitalini manesi wakamkimbilia yeye.

Daktari, mama mmoja mtaratibu, alinipaka jeli tumboni akatafuta. Akatafuta tena. Nilikuwa nimeshaanza kulia uliposikika moyo, unakimbia.

"Yupo," akasema. "Na mlango wa kizazi umefunga. Lakini una maambukizi makali ya njia ya mkojo, na mwili umeishiwa maji. Ungengoja sikukuu ipite, mimba ingeweza kutoka. Kwa nini umechelewa?"

"Nilikuwa nakula," nikamjibu.

Nikalazwa kwa dripu na sindano. Homa iliposhuka, mtoto akanipiga teke moja, na nilivyomshukuru Mungu wodi nzima ilisikia. Sasa binti yangu anatembea, na hakuna sufuria iliyo salama.

Wewe mwenye mimba, ukiona damu, ukipata homa, mkojo ukiunguza au mtoto akinyamaza, usiitishe kikao cha ukoo. Nenda hospitali. Ukikuta yuko salama, umepoteza nusu siku tu.

Desemba iliyopita mke wa shemeji yangu, naye mjamzito, alilalamika jikoni kwamba wake hachezi kama kawaida. Sote tukamgeukia mama mkwe, bakuli likiwa mkononi mwake. Akalitua mezani.

"Nenda kwanza, mwanangu," akasema. "Utakula ukirudi."