Mashine Ndogo na Geti Bila Fensi

Kabla sijawaambia habari ya mashine, wacha niwaambie habari ya blanketi, maana bila blanketi hamtaelewa kwa nini nilikuwa mkali hivyo.

Miaka ile ya sabini mwanzoni tulinunua shamba la mzungu huko Kiplombe, sisi na wenzetu wengi, kila mtu na hisa zake. Mzungu akaenda zake kwao. Tukabaki tunamngoja mpimaji aje atukatie ploti, na tukingoja, tuliishi wote ndani ya nyumba kubwa ya yule mzungu. Sisi tulipewa chumba chake cha kulia, na kwa vile kilikuwa kikubwa, tukaambiwa tugawane na familia nyingine. Tukatundika blanketi katikati. Nikikohoa huku, mama wa upande wa pili ananiambia pole. Nikigombana na mzee wangu, baba watoto, asubuhi jikoni najua nani yuko upande wangu na nani yuko upande wake. Na hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi. Utapigaje hodi kwa blanketi? Mtu anainua tu pembe, anaingiza kichwa, anauliza kama una chumvi.

Mimi nilitaka nyumba. Sikutaka ya vyumba vingi wala ya sakafu ya kung'aa. Nilitaka nyumba ambayo mtu akija kwangu anasimama nje kwanza.

Mpimaji alifika hatimaye, tukapiga kura, tukapata ploti yetu pale kwenye mteremko. Kuta hazikunisumbua, maana fito zilikuwepo na udongo ulikuwepo. Shida ilikuwa mabati.

Na hapo niwachekeshe kidogo. Yule mzungu alikuwa ameacha ghala kubwa la mahindi, limeezekwa mabati mazuri ajabu. Watu wenye akili wangeliacha lisimame. Sisi tulikuwa tumenyimwa miaka mingi mno, tukataka haki mpaka kwenye msumari. Tukalibomoa ghala, tukagawana mabati sawa kwa sawa, kila familia vipande vichache. Hakuna aliyepunjwa, na hakuna aliyeweza kuezeka hata choo. Mengine yakawa mlango wa banda la kuku, mengine yakalala chini ya vitanda. Mahindi yetu mwaka huo yalinyeshewa nje, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu yalinyeshewa ya wote.

Basi nikalima viazi. Nikauza, nikaweka, nikauza tena, nikaweka. Pesa za mabati zilikuwa karibu kutosha siku mzee wangu aliporudi kutoka Eldoret mjini akitabasamu peke yake. Nikajua kuna jambo.

"Mama watoto," akasema, "nimeona mashine ya kuchomelea vyuma kwa duka moja. Ndogo, ya kuweka nyumbani. Hata bei ni ya watu kama sisi."

"Kitu cha bei ya watu kama sisi kina ugonjwa," nikamjibu. "Rahisi ni ghali."

Hakubishana. Viazi vilikuwa vyangu na alijua. Laiti angenifokea, ningemkatalia vizuri na roho yangu ingetulia. Yeye akaniambia tu, "Twende uione. Ukisema hapana, ni hapana."

Ni lazima mjue kwamba mzee wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya yule yule mzungu. Kazi yake ilikuwa kushikilia chuma huku mzungu akikichomelea. Mashine yenyewe hakuruhusiwa kuigusa. Aliniambia wakati mmoja kwamba anajua kila kitu kuhusu ile mashine isipokuwa uzito wake mkononi. Wakati huo nilikuwa napepeta maharagwe, nikaendelea kupepeta.

Siku ya kwenda mjini nilitia kwenye kiondo jembe la plau letu, lililopasuka msimu uliopita. Mimi sinunui ng'ombe bila kumkamua. Nilisema, mashine isiyoweza kuunga plau ni ya nini kwa mkulima?

Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alitutolea mashine uani. Aisee, kalikuwa kadogo! Niliwahi kuona sanduku la shule kubwa kuliko hako. Mzee wangu akapewa ile kinga ya uso ya kushika mkononi, yenye kioo cheusi, na mimi nikaambiwa nigeuke nisitazame moto. Nikageukia ukuta. Nikasikia tss, halafu kimya. Kijiti cha kuchomelea kimenata kwenye chuma. Akakivunja, akajaribu tena, kikanata tena.

"Pole pole, mzee," mwenye duka akasema. "Usikikandamize."

Mara ya tatu ukuta wote ukawa wa samawati, na kivuli cha mzee wangu kikatokea hapo mbele yangu. Nilikitazama kile kivuli. Kilikuwa kimeinama, mkono unatembea taratibu bila kutetemeka, wala sijui ni lini nilimwona ametulia namna hiyo. Nilimpenda sana dakika ile, na nikajikasirikia, kwa sababu sikuwa nimekuja mjini kupenda mtu.

Jembe lilipopoa nililichukua, nikalibamiza kwenye ngazi ya jiwe. Likakatika palepale lilipoungwa.

Mwenye duka hakunidanganya. "Mama, hii ni ndogo," akasema. "Chuma nene ya plau inataka ile kubwa. Hii ni ya dirisha, ya kitanda, ya geti."

"Basi twende nyumbani," nikasema.

Mzee wangu alikifuta kile kioo kwa mkono wa shati lake, akakiweka juu ya mashine polepole kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto wake. Akasema asante. Tukatembea mpaka Kiplombe na hakunung'unika hata mara moja. Alinibebea kiondo na lile jembe likiwa vipande viwili ndani, akanionyesha hata mahindi ya watu yalivyostawi. Mwanamume akinuna, ninajua dawa yake. Huyu wangu hakununa, na nilitamani anune.

Jioni macho yakamkamata. Kumbe alipokuwa akihangaika na kile kijiti kilichonata alichungulia kando ya kioo, na moto ule hulipiza baadaye. Alisema ni kama amemwagiwa mchanga. Nikamlaza, nikakata viazi mbichi vyembamba, nikamfunika macho navyo. Vilikuwa vile vile viazi vyangu vya mabati. Nikakaa naye pale kando ya blanketi, ugali ukingoja.

"Ungeipata ile mashine," nikamwuliza, "ungetengeneza nini kwanza?"

"Geti," akasema hapo chini ya viazi.

"Geti ya wapi? Hatuna hata fensi!"

"Geti ya kwetu."

Nilitaka kumcheka, lakini nilijua anachosema. Kwa mzungu, geti lilikuwa la gari na la wageni wake. Sisi tulipita nyuma, kwenye josho la ng'ombe, tunainama chini ya waya, mimi na mimba yangu na mtungi wangu wa maji. Mzee wangu alikuwa akinishikia waya niinuke upande wa pili.

Ndipo blanketi likasema, "Hata mimi nataka geti."

Alikuwa mama wa upande wa pili. Hakuinua hata pembe.

"Mama," nikamwambia, "hii ni mazungumzo ya mtu na mume wake."

"Najua, na mimi nasikia. Pesa sina, lakini niko na yale mabati ya ghala chini ya kitanda. Yatanifaa nini peke yake? Anitengenezee geti, achukue mabati."

Halafu mzee mmoja akaita kutoka chumba cha ng'ambo ya ukumbi, "Hata mimi! Na yangu hayana kutu!"

Nilikasirika kama mama yeyote angekasirika. Sasa hata uamuzi wangu mimi mwenyewe unaamuliwa na nyumba nzima! Lakini nilikaa pale nikageuza vipande vya viazi machoni pa mume wangu, nikafikiri. Watu wote wale walikuwa wamepita chini ya waya.

Kesho yake nikampa pesa. Zote.

Mashine ikawekwa kwenye baraza ya nyumba kubwa, palipokuwa na umeme. Akiiwasha tu, taa zote zinasinzia, na mama wa upande wa pili anapiga kelele kwamba hamwoni mtoto anayemwogesha. Ikifanya kazi kidogo inachemka, lazima ipumzishwe, mzee wangu anaipepea kwa gazeti. Ilikuwa mashine ya kubembelezwa. Nilimwambia ningejua ningezaa tu mtoto wa saba, ingekuwa kazi ile ile.

Geti la kwanza lilikuwa letu. Alilisimamisha kwenye ploti tupu, kulia nyasi, kushoto nyasi, na komeo juu. Watu walikuja kucheka kutoka kila upande.

"Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi," mzee wangu akaniambia.

"Sawa. Nyumba iko wapi?"

Nyumba ilikuja kipande kwa kipande. Kila geti lililotoka barazani lilileta mabati yake, mengine ya kutu, mengine ya rangi ya kijani, moja na tundu lililozibwa kwa lami. Ghala la mzungu lilikuwa linaungana tena polepole juu ya kichwa changu. Mkiniuliza kama ile mashine ilifaa kununuliwa, nitawaambia kwa plau haikufaa hata siku moja. Jembe lile tuliliunga mjini.

Siku ya kuhama majirani wote walitusaidia kubeba. Mbele walitangulia wanaume na kitanda, wakakata moja kwa moja kwenye nyasi kando ya geti, na nani angewalaumu? Nyuma yao mama wa upande wa pili, sufuria zangu kichwani. Niliposema "Haya, simameni!" nilishtuka mwenyewe jinsi sauti ilivyotoka.

"Rudini," nikasema. "Hapa ni kwa mtu. Piteni kwa geti."

Walicheka, lakini walirudi, kitanda na wote. Mzee wangu alikimbia kufungua komeo, nikamkataza. Nilitaka kulifungua mimi. Nilikuwa nimeshalishika mkononi nilipomwona yule mama amesimama nje ya geti, nyasi tupu huku na huku, sufuria zangu kichwani. Hakuwa anacheka.

"Hodi," akasema.

Nikavuta komeo, nikalifungua geti wazi.

"Karibu," nikamwambia. "Karibu kwangu."