Jiko la Shangazi Lililotembea

Enzi zetu darasa la utangazaji lilikuwa na taa moja, na taa hiyo ilikuwa na balbu mbili: ya kwanza imeungua, ya pili inangojwa kutoka Mombasa. Nilizihesabu mara mbili kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mamangu alikuwa na genge la mboga pale Msambweni, na mtoto wa genge hapokei fungu la mchicha kabla hajalifungua. Vijana wa leo wana taa za mviringo wanazozipachika kwenye simu, wanajimulika hata wakila muhogo. Sisi tulikuwa na kamera moja kwa wanafunzi kumi na tisa, na kila aliyeishika aliishika kama mtoto mchanga wa watu.

Darasa letu lilikuwa la Jumamosi. Nakumbuka harufu yake: chaki, nyaya zilizopata moto, na achari ya maembe ambayo Mwanasiti, mwenzangu wa dawati, aliificha ndani ya mkoba wa kamera. Mwalimu Nekesa, aliyetoka bara, alitufundisha kwamba uso wa mtu hutaka mianga mitatu: mmoja wa mbele, mmoja wa kulainisha vivuli, na mmoja wa nyuma wa kumtenga mtu na ukuta. "Uso usio na mwanga," alikuwa akisema, "ni redio."

Muhula wa pili akatupa kazi. Wawili wawili, video ya dakika mbili, mtu akifanya kazi yake ndani ya nyumba, na uso wake uonekane vizuri. Ndani! Tukatazamana, kisha tukaitazama ile balbu iliyoungua.

Baba alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja Diani. Kwake yeye, mwanga ni kitu kinachopita ndani ya waya, na usipopita hapo si mwanga, ni hali ya hewa. Nilipomwomba taa mbili za hoteli alinitazama kana kwamba nimemwomba bwawa la kuogelea.

"Taa za watu hizo," akasema. "Na nikwambie, mwanangu. Siku ya wazazi nitakuja niione hiyo kazi. Nikiona giza, Jumamosi zako zinarudi gengeni kwa mamako."

Nampenda mama. Lakini vitunguu nilikuwa nimeshapima vya kutosha.

Tukaenda kwa Shangazi Mwanahamisi, dadake baba, aliyekuwa akipika vitumbua katika jiko la makuti nyuma ya nyumba yake. Tukamwamkia, akaitikia marahaba na kutupa vitumbua viwili viwili. Mwanasiti akawasha kamera. Giza tupu. Shangazi alipocheka tuliona meno, alipofunga mdomo hatukuona kitu. Ndipo nikaangalia juu. Paa lilikuwa na tundu, na chini yake, katikati ya moshi, doa la jua limekaa sakafuni, kubwa kama kitumbua.

"Shangazi, tutoe makuti mawili tu hapo juu."

"Alaa! Mwataka kunivua paa?"

"Mawili, shangazi. Alasiri haifiki kabla hatujayarudisha."

"Na nazi zangu nani atazikuna? Kumi hizo."

"Tano."

"Nane, na unanifagilia uwanja."

"Sita, na uwanja."

"Haya, panda. Ukianguka, usiangukie unga wangu."

Nazi nilizokuta zinaningoja zilikuwa saba. Nikahesabu tena: saba. Nikakuna zote, maana aliyenipiku ni shangazi yangu.

Saa tano na nusu jua likaingia kwa lile tundu, likamwagika juu ya shangazi kama samli. Huo mwanga wa kwanza. Wa nyuma tuliupata kwa sinia kubwa la harusi tuliloliegemeza mlangoni. Wa kulainisha vivuli ulitaka kitu kipana na cheupe, na nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kipana na cheupe kuliko kanzu ya baba ya Ijumaa. Nikaitandaza kwenye vijiti viwili vya ufagio, nikasimama nayo karibu na moshi, mwenyewe hana habari.

Jambo moja hatukulifikiria. Jua halikai. Kila baada ya dakika chache lile doa lilimwacha shangazi, likamulika kinu. Basi tukawa tunamhamisha: yeye, kigoda, bakuli la unga, na jiko lenyewe la makaa, tukilibeba kwa vitambaa. Mara nne tulimhamisha. Ya mwisho alikuwa karibu na banda la kuku la humo humo jikoni.

"Mimi napika au nahama?" akauliza.

Tulijiona tumeshinda. Hatukujua kwamba kamera haisahau.

Siku ya wazazi wakafunika madirisha kwa mablanketi, video zikaonyeshwa kwenye shuka. Baba alikaa mstari wa mbele, kofia imekaa sawa. Ilipofika yetu, uso wa shangazi ukatokea: jasho juu ya mdomo, unga kwenye nyusi, macho yanang'aa. Halafu mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kitumbua kilimiminwa mlangoni, kikageuzwa ukutani, kikaopolewa mbele ya kuku.

"Mbona jiko linatembea?" akauliza Mwalimu Nekesa.

Kabla sijajibu, pembeni mwa picha ukachungulia mkono wa kanzu wenye alama ya kahawia ya pasi. Alama ile ilijulikana nyumba nzima. Baba akasimama. Nikaviona vitunguu vyote vya Msambweni vinanijia.

"Mwalimu," akasema, "jua halina swichi. Lingewangoja vipi hawa watoto? Wamelifuata." Akageuka kunitazama. "Ya kanzu tutazungumza nyumbani."

Mwalimu alitupa alama kumi na tatu kwa ishirini. Nikaomba kumi na tano, tukakubaliana kumi na nne. Jumamosi zangu zikabaki zangu. Na makuti ya shangazi hayakurudi, maana mwenyewe alikataa. Alisema sasa anayaona mawe kwenye mchele. Baba ndiye aliyekuja na ngazi na kipande cha plastiki angavu, akaziba mvua, akaacha jua lipite. Fundi wa umeme mzima, hakuvuta hata waya mmoja.

Siku hizi napiga video za harusi kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga. Nina taa saba. Nazihesabu nikiingia, nazihesabu nikitoka. Wapwa zangu hunicheka kwa kubeba mizigo, wao simu inawafanyia yote, hata ngozi inawalainishia. Picha zao hazina kosa, wala hakuna anayezicheka miaka ikishapita.

Shangazi amezeeka, anapikia gesi, na jiko limeezekwa mabati, isipokuwa kipande kimoja angavu alichokidai kwa fundi. Mwezi uliopita nilimkuta akikuna nazi. Jua likasogea. Bila kuambiwa na mtu, akaivuta mbuzi yake ya kukunia, akalifuata, akainua kidevu kunielekea. Mikono yangu ilikuwa mitupu, sina kamera.

"Nimeingia?"

"Umeingia, shangazi."