Pembe ya Chumvi

Fundi rangi amekata tamaa na ukuta wangu. Amepaka mara mbili, na mara mbili rangi imevimba, ikabanduka, ikaacha unga mweupe sakafuni. Jana aliupangusa ule unga kwa kidole, akauonja, akageuka kunitazama. "Madamu," alisema, "nyumba yako inatoka chumvi." Nikacheka. Halafu nikatoka uani nikajifanya natafuta ufagio, maana machozi yalikuwa yameshanitangulia.

Hutaelewa, rafiki yangu, mpaka nikueleze nyumba yenyewe. Iko Ampisikina, hapa Mahajanga, vyumba vitatu na ua wenye mpapai, na ni yangu tangu sijajua kufunga kanga ikakaa kiunoni. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na wazazi wake, mume huja na nguo zake, na wakishindwana huondoka nazo. Nyumba hii alijengewa mama yangu. Alifariki mapema mno, hata sura yake naijua kwa picha tu, na nyumba ikawa yangu. Bibi mzaa mama, tuliyemwita Koko, akahamia ili anilindie. Na aliilinda kwelikweli! Kabati la mama, kitanda cha mama, cherehani ya mama pale kwenye pembe ya sebule karibu na dirisha, hakuna aliyethubutu kuvisogeza hata kwa kufagia. Baada ya zile ghasia dhidi ya Wangazija zilizowaondoa watu wetu wengi mjini, mtaa ukabaki na milango iliyopigiliwa misumari, ndipo Koko akazidi. "Watu huondoka," alikuwa akisema. "Nyumba haiondoki."

Sasa mfikirie baba yangu, fundi wa friji wa bandarini, mpole, mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha siku zote. Alitumwa kisiwani Nosy Be kutengeneza mitambo ya barafu, akarudi na mke.

Alikuwa mtu wa Ambanoro, kijiji kilicho karibu na Hell-Ville. Kwa mila zetu, baba ndiye angepaswa kuhamia kwake, lakini kwao walikuwa wamemjengea kuta tu, bati hakuna, na kazi ya baba ilikuwa huku. Basi akamleta kwenye nyumba ya marehemu. Koko alimpokea kwa adabu zote, chai, mkate wa sinia, marhaba nyingi, kisha akamwonyesha mahali pa kuweka sanduku lake: chini ya kitanda. Sanduku likakaa chini ya kitanda. Mimi nilimwita mama mdogo, na baada ya majuma machache tu sikumwacha hata aende kisimani peke yake.

Alikuwa akinipaka usoni masonjoany, ule msindano wetu wa manjano ulio kama liwa, kwa kijiti, akichora maua madogo mashavuni, huku akinisimulia Ambanoro. Tulizungumza Kimalagasi, Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata ukubwani, nilipoolewa na mtu wa Unguja. Mikono yake ilinuka mlangilangi kwa sababu kwao wanawake huchuma maua yake tangu alfajiri, na yeye aliapa kwamba harufu ile haitoki hata ukifa. Alipika kisamvu cha nazi ambacho Koko mwenyewe aliomba aongezwe, ingawa alisema tu kwamba kimeiva.

Kilichomshinda ni bahari. Mahajanga ina bahari, lakini mto Betsiboka humwaga humo matope yake mekundu, na masika yakiingia maji huwa rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Siku ya kwanza alipopelekwa ufukweni alisimama, akaangalia, akauliza, "Chini kuna nini?" Baba akasema hajui, hapaonekani. Akageuka, akarudi nyumbani. Tangu hapo alianza kukonda. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimekwisha kupoteza mama mmoja bila kuulizwa, na nililijua lile sanduku chini ya kitanda. Halikuwa limefunguliwa lote hata siku moja.

Baba naye aliliona. Mwanamume asiye na nyumba ya kumpa mkewe atampa nini? Siku moja alirudi na mkokoteni, juu yake kabati la vioo la jirani yetu muuza vitumbua, aliyekwenda zake Ngazija na kuliacha vumbini. Fremu ya chuma, vioo vinene pande zote. "Hili," alisema akifuta jasho, "litakuwa bahari." Koko akamtazama. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," akasema, akaingia jikoni.

Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuweka bahari ndani ya nyumba, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Baba aliziba kila kiungo kwa puti, akatoboa mabomba ya kulaza chini ya mchanga, akaifungua kompresa ya friji bovu ili ipulize hewa badala ya kugandisha barafu. Likizo ya shule tukapanda meli ya mizigo, sisi watatu, na madumu matupu yaliyotuletea vicheko bandarini kote.

Ningeweza kukuandikia kitabu juu ya juma lile la Ambanoro. Mama yake mama mdogo alinikumbatia kana kwamba mimi ndiye niliyepotea nikaonekana. Kuta zile zisizo na bati zilikuwa nyuma ya jiko, kuku wakitaga humo. Maji yalipokupwa mama mdogo alikunja kanga, akanishika mkono, tukatembea juu ya mwamba na wanawake wenzake waliokuwa wakitafuta pweza. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Alijua kila shimo. "Jiwe hili lina watu," aliniambia, akiinua jiwe lililojaa vitu vya zambarau na kijani. Tulichukua mawe machache, mchanga, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kile kiumbe wanachoishi ndani yake, kinachofanana na ua lenye vidole laini. Vyote vikaingia ndoo na madumu.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akishusha ndoo baharini na kubadilisha maji, bila kulala. Tulipokaribia Mahajanga, nahodha alimwita aone: kuna mstari baharini, huku buluu, huku nyekundu, kama mtu amepiga chaki. Aliteka ndoo ya mwisho kabla ya mstari ule, akaifunika kwa kanga yake.

Likabaki suala la mahali. Kabati lilihitaji mwanga wa asubuhi, na mwanga wa asubuhi ulikuwa pembe moja tu, kwenye cherehani ya mama. Baba alijitia kuhesabu madumu. Mama mdogo alisimama mlangoni na ndoo yake na kusema taratibu, "Koko, ninaomba ruhusa." Koko akaibeba cherehani mwenyewe, mzee yule, akaipeleka chumbani kwake, akafunga mlango.

Bahari yetu ilianza vibaya. Puti ilivuja, maji yakashuka ukutani na kuingia kwenye saruji. Kompresa ilinguruma kama mgonjwa wa pumu na kurusha matone ya chumvi kila upande. Maji yakawa meupe, mawe yakanuka mpaka majirani wakauliza kama tumesahau samaki mahali. Koko alifunga pua kwa mtandio na kuswali uani. Mama mdogo alikaa tu mbele ya kioo, na mimi kando yake nikimwomba Mungu, kwa Kimalagasi na kwa Kiarabu cha chuoni, kwamba vile vitu visife.

Halafu asubuhi moja maji yakawa safi. Jua liliingia dirishani, likapita ndani ya kioo, na dari nzima ya sebule ikacheza. Kutoka kwenye mawe vilichomoza vitu vyembamba kama manyoya ya kuku, vikajikunja ukivikaribia. Lile ua lilifunguka, na samaki wawili wakalala ndani yake kama watoto kwenye mkeka. Mama mdogo alipiga kigelegele. Mtaa mzima ulikuja kutazama, watoto wakaweka pua kwenye kioo, mwalimu wa chuoni akasema subhanallah mara nyingi na kurudi kesho yake. Jioni yake mama mdogo alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatundika nguo zake zote msumarini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa kwa ngoma.

Miezi ikapita. Joto la Mahajanga huyanywa maji, na kabati lilipopungua mama mdogo aliongeza kutoka kwenye madumu ambayo mabaharia walimletea kutoka Nosy Be. Bahari kwa bahari. Nani angefikiria vingine? Kutia maji ya kisima humo kungekuwa kama kumtukana. Lakini chumvi ilianza kuganda kwenye fremu, ukuta ukawa mweupe, manyoya yakaacha kuchomoza. Lile ua likajikunja, likawa donge. Mama mdogo akazidisha maji ya Nosy Be, na donge likazidi kusinyaa. Nikaliona sanduku limerudi katikati ya chumba.

Aliyekuja ni Koko. Alichovya kidole kwenye maji, akaonja, akakunja uso vilevile alivyoukunja kwa mchuzi wa mtu mzembe. "Hii si bahari, hii ni achari," alisema. "Maji huondoka, chumvi haiondoki. Mchuzi ukizidi chumvi, mwanangu, unaongeza chumvi?" Akaenda kwenye pipa lake la maji ya mvua, lile alilolitenga kwa udhu na hakuruhusu mtu kuligusa, akarudi na kata. Alimimina kidogo, akangoja. Jioni akamimina tena. Haba na haba, siku hata siku, akionja kila mara. Ua lilipofunguka tena, mama mdogo alimwangukia magotini akilia, na Koko, akiwa bado ameshika kata, alisema kwa sauti ya kugomba, "Inuka. Pembe hii ni yako. Usiniombe tena ruhusa."

Nakuambia, baba alitoka nje akasimama chini ya mpapai akawapa kisogo wapita njia. Pembe moja tu ya sebule. Lakini kwa wanawake wetu mtu hagawi hata upana wa mkeka wa nyumba ya binti yake.

Nilidhani sasa atakaa milele. Mwaka uliofuata akapata mimba, na mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama yake, hilo halibishaniwi. Kwao, kwa furaha ya mjukuu, wakaezeka bati. Nyumba yake ikawa nyumba. Mume akamfuata mkewe kama inavyotakiwa, na baba akapata mitambo ya barafu ya kutosha huko. Kabla ya kuondoka mama mdogo alirudisha kila kiumbe kwenye ndoo, akanichora maua mashavuni, akaniambia, "Twende." Nilikuwa tayari nimevaa viatu. Koko akasema, bila ukali, "Mwenye nyumba haachi nyumba." Nikavua viatu. Nilikwenda kila likizo, naam, nikabeba wadogo zangu mgongoni, nikapenda na nikapendwa. Lakini usiku, Ampisikina, nililala nikiusikiliza ukimya wa ile kompresa.

Wote sasa hawapo. Koko, baba, na mama mdogo mwenyewe, aliyezikwa Ambanoro chini ya milangilangi. Mwamba niliutembelea mwaka jana. Mawe mengi yamekuwa meupe na hayana watu. Kabati liliuzwa kama chuma chakavu. Mtaani kwetu hakuna tena anayesema Kingazija ila mimi, nikijisemea. Kila masika ukuta wangu hutoa jasho la ile bahari, na nimegundua kwamba siku zote nimekuwa nikilingoja.

Leo asubuhi fundi alikuja na dawa yake: atabomoa plasta, apige saruji mpya, chumvi isionekane tena. Nikamwambia apake kuta zote, ile pembe aiache.

"Lakini Madamu, si nyumba ni yako?"

"Nyumba ni yangu," nikamjibu. "Pembe ile si yangu."