Niliacha vidonge vya wasiwasi Ramadhani ilipoingia, mke wangu akanigundua

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina mashine ya kusaga hapa Handeni. Mwaka juzi niliingiwa na hofu isiyo na sababu. Mkanda wa mashine utakatika, watoto wametumbukia kisimani, nitadondoka nife. Moyo mbio, usingizi hakuna.

Nikawa nazima mashine mara nne kwa siku, nakimbia nyumbani kuangalia watoto. Wateja wakabeba ndoo zao za mahindi wakahamia kwa jirani. Kazi ilikuwa inanitoka huku naiona.

Watu wakasema nina jini. Hata mimi niliamini.

Mke wangu, Zaina, ndiye aliyenipeleka hospitali Korogwe. Daktari akasema ni ugonjwa wa wasiwasi, unatibika. Kidonge kimoja kila asubuhi.

Kliniki kulikuwa na nesi mmoja, mama wa Kisambaa, anakaa na sisi wote wawili. Alimkataza Zaina kuniambia "acha mawazo". Aniulize tu hofu iko wapi, halafu akae nami mpaka ipungue.

Wakuu, Zaina alikuwa anakuja mashineni, anakaa juu ya gunia la pumba, ananiuliza hivyo hivyo mbele ya wateja. Baada ya wiki kadhaa nikatulia.

Ramadhani ikaingia. Na ujuaji wangu nikaacha vidonge kimyakimya, si nimefunga? Siku chache tu kichwa kinazunguka, mikono inatetemeka, mashine nazima tena.

Zaina akakuta pakiti haijaguswa kwenye mfuko wa kanzu. Nilijua nitasemwa. Akasema tu, "Baba Husna, twende Korogwe."

Nesi akanisikiliza, akauliza, "Baba, daku unakula?"

"Nakula."

"Sasa kidonge kimekukosea nini?"

Nilicheka, kwa mara ya kwanza mwezi ule. Daktari akanianzishia upya, dozi ikahamia kwenye daku.

Mnaofunga na mna dawa, muulizeni daktari kabla mwezi haujaandama. Msijifanye wajuaji kama mimi.

Siku moja kabla ya Idi foleni ilifika barabarani. Nilisaga kutwa. Jioni nikarudi nyumbani, Zaina akaniuliza, "Umekuja kuangalia watoto?"

Nikamwambia nimekuja kufuturu.

Akageuka, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Nampenda sana huyu mama.

Kama na wewe kuna mtu alikubeba, mtaje hapa chini. Majibu yenu namsomea Zaina.