Uliza Kwa Nini Ploti Imebaki Tupu

Nyinyi vijana wa Kawangware mnaotaka ile ploti tupu mjenge hapo nasari ya watoto na kupanda mboga, kaeni chini. Leo sitawabembeleza.

Juzi msichana alikuja na vimifuko vya kuchotea udongo wa kupimwa. Akapita kila mlango akiuliza, "Hapa zamani palifanywa kazi gani?" Nanyi mkanyamaza kama mliomeza mawe, ilhali mnajua watu waliyeyushia hapo betri za magari mpaka wakahama. Mjukuu wangu Mercy, mwenyekiti wenu, akanivuta kando. "Shosho, please, usitaje betri. Tutakatazwa kuitumia ploti. Wacha tupande kwanza."

Tupande kwanza! Maneno ya namna hiyo nayajua. Yalitoka kinywani mwangu kabla mama yake hajazaliwa.

Nakumbuka asubuhi moja kule Lindi, Kibera, nikiwa mgeni kutoka Magharibi ya Kenya, nikivuna mboga za sukuma kwenye kipande cha ardhi nilichokikuta kitupu. Binti yangu wa kwanza, Nafula, alikuwa ameketi kwenye udongo akilamba vidole. Akapita jirani yangu mzee, tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Akasimama.

"Wewe msichana, Lindi hii watu wanalala wamekunja miguu kwa kukosa nafasi. Hapa pamebakije bila nyumba?"

"Paliningoja mimi, Kukhu. Si uone sukuma ilivyo kijani!"

"Hiyo ni rangi ya jani. Nimekuuliza habari ya udongo."

Udongo ulikuwa wa kijivu, wenye vipande vya plastiki nyeusi. Nilikuwa nimeviona. Nilivirusha tu pembeni na kuendelea kupalilia.

"Waliochoma betri hapa walihama," akasema. "Na sumu je, waliibeba kwa gunia?"

Nikamwambia ana wivu. Mzee wa watu, nikamwambia ana wivu! Akamtazama Nafula, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kuku wangu walikufa kwanza. Nikasema ni kideri. Kisha Nafula, aliyeanza kuongea mapema kuliko watoto wote wa ile laini yetu ya vyumba, akawa analia tumbo, na maneno yake yakaanza kupotea moja moja. Leo ni mtu mzima, anakaa nami, na bado namfunga vifungo vya nguo. Siwezi kuapa kwamba ni ule udongo. Hakuna aliyeupima. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo: hakuna aliyeupima, na mimi niliyeonywa sikutaka kujua.

Sasa mwenye hii ploti yenu, aliyekula faida ya betri akahamia kwenye hewa safi, anawapa "zawadi" nanyi mnampigia makofi. Zawadi gani hiyo? Aliyechafua asafishe! Kelele mnazompigia msichana wa watu eti anawachelewesha, mpigieni huyo mwenye ploti.

Wanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekuja kupima udongo mwambieni yote: nani alifanya kazi hapo, alichoma nini, maji machafu yalielekea wapi. Udongo ukiwa mbaya, utaondolewa au utafunikwa, au mtatafuta mahali pengine. Mtaa haufi kwa kukosa ploti moja. Mtaa hufa watoto wake wakiharibika. Na ukiona Nairobi hii kipande kimebaki tupu, usishangilie. Uliza.

Mungu awape mikono ya kuotesha, na midomo isiyoogopa kusema ukweli. Mzae watoto wenye maneno mengi mpaka wawachoshe.

Mimi nimeshamwambia yule msichana habari za betri. Mercy alinuna, hakugusa chai. Nikawaita wote wa nyumbani kwangu, Nafula akiwa amekaa kando yangu, nikasema hivi:

"Jani la ile ploti lisiingie kwenye sufuria yangu mpaka karatasi ya majibu isomwe hapa kwa sauti. Anayetoka kule aache viatu nje, anawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Nawe Mercy, kesho mpeleke yule msichana Lindi apime na kule. Pale nilipolima zamani, siku hizi pana vyumba, na watoto wanatambaa sakafuni. Bisha kila mlango. Sema ni mimi nimekutuma, na useme palikuwa na nini."