Nilipiga Magoti Chini ya Bahari

Niseme ukweli: nilicheka chini ya bahari, nikanywa chumvi, na wala sijutii.

Mimi ni muuguzi huku Karagwe, mtoto wa kibanja, migomba na kahawa kila upande. Maji mengi niliyokuwa nimewahi kuingia yalikuwa ya kwenye beseni. Likizo ilipofika nikatangaza naenda Mafia kuzamia. Watu wakaniona nimechanganyikiwa. Aliyefurahi ni bibi yangu wa kijiji cha Ndama peke yake. Jicho lake moja lilishakufa, na la pili daktari alishamwambia linaondoka. Akanishika mkono: "Mjukuu wangu, niletee picha ya huko chini. Moja tu. Nione bahari kabla hili nalo halijaniaga."

Basi nikawa na kazi. Na uwezo wangu wa pesa ulikuwa wa kuzamia mara moja tu, mtungi mmoja wa hewa.

Mwalimu wa kuzamia alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, mvi tupu. Kwenye boti alinionya: "Binti, chini kuna mchanga laini. Elea. Usiuguse hata kwa kidole, ukitibuka hutaona kitu." Nikaitikia, nimeelewa kabisa.

Tukashuka. Mama wee! Nilidhani nitaogopa, kumbe furaha ndiyo ilinipanda kichwani. Matumbawe ya zambarau, mengine ya kijani kibichi, samaki wa bluu wanakatiza puani kwangu bila hata hodi. Nilipiga kelele, yakatoka mapovu. Mwalimu alipoona nimetulia, akafungua kamera kiunoni mwake, akaninyooshea.

Sasa mimi nimelelewa Karagwe. Mtu mzima akikupa kitu, mtoto wa kike unakipokeaje? Magoti yangu hayakuniuliza. Yakakunjika yenyewe, nikatua mchangani, mikono miwili mbele, kichwa nimekiinamisha kwa adabu zote.

Mchanga ukafumuka kama unga wa mtama uliomwagika. Simwoni mwalimu, sioni samaki, sioni hata kamera niliyoishika. Nikabonyeza tu, bonyeza, bonyeza, huku nacheka na maji yananiingia kwenye miwani. Nacheka, lakini roho inaniuma: hewa inapungua, na bibi ananisubiri.

Vumbi lilipoanza kutulia, samaki mmoja wa njano, mnene, akaja kuchungulia nani kaleta vurugu kwake. Akasogea mpaka kwenye lenzi. Nikabonyeza. Hapo hapo mwalimu akanionyesha kidole gumba: tupande.

Botini akaniuliza, "Binti, kule chini ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa napokea kamera, mzee. Shikamoo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Marahaba! Miaka yote nazamia, leo ndiyo nimeheshimiwa."

Ndama nilifika asubuhi, nikamkuta bibi mlangoni anamenya ndizi. Tulipomaliza salamu, na salamu zetu si fupi, nikampa simu, picha za kamera nimeshazihamishia humo. Picha ya kwanza, mchanga. Ya pili, mchanga.

"Hii ndiyo bahari?" akauliza. "Mbona kama jivu?"

Aibu ilinishika jamani. Nikamfungulia ile ya samaki, nikaongeza mwanga wa simu mpaka mwisho. Akaisogeza jichoni, akaipeleka mbali kidogo, akairudisha. Nikaanza kuogopa kwamba nimechelewa.

"Huyu mbona hafumbi jicho?"

Nilirukaruka pale uani, mtu mzima mimi! "Umeliona! Bibi, umeliona jicho!"

"Nimekuuliza kitu."

"Samaki hana kope, bibi. Hafumbi mpaka anakufa."

"Heri yake," akasema.

Nikanyoosha mkono nichukue simu. Hakunipa. Alikaa nayo mpaka chaji ikaisha.